Konokono Hana Pa Kukimbilia

Mada iliyotolewa katika semina ya Haki na Amani kwa viongozi wa walei wa Kibaha na Kisarawe



Huenda baadhi yenu, mlipoona kichwa cha mada hii, mlijiuliza kama Tume ya Haki na Amani imekosa kazi. Katika semina kama hizi tumezoea kuzungumza juu ya migogoro ya mashamba, mirathi ya wajane na malipo ya vibarua. Leo tunaomba tuzungumze juu ya konokono. Hatufanyi hivyo kwa kuwa mambo yale mengine yamekwisha. Twafanya hivyo kwa sababu namna tunavyomtendea kiumbe asiye na sauti kabisa hufunua namna tunavyowatendea wanadamu wenzetu wenye sauti ndogo. Tena kisa chenyewe hakiko mbali. Kiko katika vilima vya Pugu na Kazimzumbwi, na katika msitu wa Ruvu Kusini, yaani kiko mlangoni petu.

Konokono wawili

Yatupasa kwanza tutofautishe konokono wa aina mbili, maana tukiwachanganya hatutaelewana.

Wa kwanza mnamfahamu nyote. Ni yule konokono mkubwa anayejitokeza wakati wa masika, mwenye gamba lenye michirizi ya kahawia, ambaye usiku mmoja aweza kumaliza tuta zima la mchicha. Huyu ni mwenyeji wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kila mmoja wao ana via vya kiume na vya kike pamoja, na kwa mara moja aweza kutaga mayai mia moja na zaidi. Gamba lake laweza kufika urefu wa sentimita 20. Hula karibu kila kitu kiotacho, na hata chokaa ya ukutani huilamba ili kuimarisha gamba lake. Binadamu amembeba huku na huku duniani, mara kwa makusudi, mara bila kujua. Alifikishwa Mauritius, na kutoka huko akapelekwa Calcutta, India, mwaka 1847. Hawaii alifika mwaka 1936. Mwaka 1966 mtoto mmoja aliyetoka Hawaii aliingia nao watatu tu katika jimbo la Florida, Marekani, wakaachiliwa bustanini. Miaka saba baadaye walikuwa wamekusanywa zaidi ya 18,000, na kazi ya kuwamaliza iliendelea hadi mwaka 1975. Konokono huyu hahitaji kutetewa na mtu. Atatuzika sisi sote.

Wa pili ndiye tunayemzungumzia leo, na huenda wengi wenu hamjapata kumwona, ingawa mmewahi kumkanyaga. Huyu ni konokono wa msituni. Wapo wa aina nyingi sana, na wengi wao ni wadogo kiasi kwamba gamba zima halizidi punje ya mchele au mbegu ya mtama. Mashariki ya Afrika imejaliwa hasa jamii moja ya konokono hao ambao hawali majani kamwe: hula nyama, wakiwawinda konokono wenzao na wadudu laini chini ya majani makavu. Wataalamu huwaita Gulella. Mdomo wa gamba lao una vijino vidogo vinavyoziba njia kama nondo za dirisha, na kwa mpangilio wa vijino hivyo mtaalamu hutambua aina moja na nyingine. Wengi wao walipewa majina ya kitaalamu na Bernard Verdcourt, bwana aliyekuwa mtaalamu wa mimea na kufanya kazi Nairobi, ambaye aliwachunguza konokono wa nchi zetu hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2011.

Tofauti kubwa ya konokono hawa wawili haiko katika ukubwa wa mwili. Yule wa kwanza aweza kuishi popote. Huyu wa pili aweza kuishi mahali pamoja tu.

Kwa nini hawezi kuhama

Tutazame maisha ya huyu mdogo yalivyo. Mwili wake ni maji na ute. Jua likimpiga kwa muda mfupi tu hukauka akafa. Mwandishi wa Zaburi ya 58 aliliona jambo hilo zamani, alipotumia mfano wa konokono ayeyukaye akienda. Kwa hiyo huishi ndani ya tabaka la majani yaliyoanguka na kuoza, mahali penye kivuli na unyevu mwaka mzima. Hapo hupata chakula chake, hapo hutaga mayai yake machache, na hapo hupata chokaa ya kujengea gamba.

Kivuli kile hutoka kwa miti. Miti mikubwa ikikatwa, jua hushuka hadi chini, majani hukauka, upepo huyapeperusha, nao udongo huwa mtupu. Mnyama mwenye miguu atakimbia na ndege ataruka. Mbegu yaweza kuchukuliwa na upepo au na tumbo la popo. Konokono hana lolote kati ya hayo. Barabara ya vumbi yenye upana wa mita 10 tu, kwake ni jangwa. Shamba la mihogo lililo kati ya vipande viwili vya msitu, kwake ni bahari. Basi msitu ukikatwa vipande, konokono walio katika kila kipande hubaki kama watu waliotupwa visiwani, na kisiwa kikizama huzama nacho.

Hiyo ndiyo sababu katika milima yetu wako konokono wasiopatikana penginepo popote duniani. Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa, imepokea mvua ya Bahari ya Hindi kwa muda mrefu mno, na misitu yake ilibaki mibichi hata nyakati ambapo nchi ya chini ilikuwa kavu. Kila mlima ukawa kisiwa, na kila kisiwa kikalea viumbe vyake. Taita, kwa mfano, ina konokono mdogo aliyepewa jina la milima hiyo, Gulella taitensis. Misitu ya asili iliyobaki huko Taita ni vipande tu juu ya vilele, hekta makumi hapa, hekta mia na kidogo pale, vikizungukwa na mashamba. Aliyepewa nyumba ndogo hivyo hana pa kukimbilia.

Misitu ya pwani nayo ina tabia hiyo hiyo. Uchunguzi uliofanywa katika misitu ya Kenya na Tanzania miaka ya 1990, kwa kuchekecha majani makavu na udongo wa juu, ulionyesha kuwa konokono wengi wa misituni wana makao finyu sana.

Vilima vya Pugu

Sasa turudi nyumbani. Vilima vya Pugu si milima mirefu. Havifiki hata mita 400 juu ya usawa wa bahari. Wakristo wanavikumbuka kwa sababu wamisionari Wabenediktini walifika huko mwaka 1888, na kituo chao kikashambuliwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Watanzania wote wanavikumbuka kwa sababu Mwalimu Nyerere alifundisha huko, katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, mpaka alipoacha ualimu mwaka 1955. Wenye viwanda wanavikumbuka kwa ajili ya udongo mweupe wa kaolini.

Wachache wanavikumbuka kwa ajili ya msitu wenyewe. Hata hivyo, Hifadhi za Pugu na Kazimzumbwi kwa pamoja zina hekta 7,272, nazo ni mabaki ya msitu wa pwani ulio wa kale kuliko mji wowote wa pwani hii. Mimea miwili ya jamii ya kunde imebeba jina la Pugu katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima: Millettia puguensis na Baphia puguensis. Humo pia anaishi komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi, ambaye hupatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania na ambaye kwa miaka kadhaa aliwekwa katika orodha ya jamii 25 za nyani, kima na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Ikiwa komba mwenye miguu na uwezo wa kuruka amebanwa hivyo, hatuna budi kujiuliza konokono amebanwa kiasi gani.

Vilima hivyo ndivyo chanzo cha mito ya Msimbazi na Mzinga. Tabaka lile la majani yaliyooza, ambalo ni nyumba ya konokono, ndilo pia sifongo la mvua. Mvua ikinyesha juu ya msitu, maji huingia pole pole ardhini, nayo hutoka pole pole mtoni. Mvua ikinyesha juu ya kilima kitupu, maji huteremka yote kwa pamoja, yakibeba mchanga. Ndugu zetu wa Jangwani na wa bonde lote la Msimbazi wanaofurikiwa kila masika wanayajua maji hayo. Hatusemi kwamba mafuriko ya mjini yametokana na Pugu peke yake, maana mji wenyewe umejengwa hadi ndani ya bonde. Tunachosema ni kwamba anayeharibu nyumba ya konokono kilimani hajui ni nyumba ya nani nyingine anayoibomoa huko chini.

Wimbi la mkaa

Nani basi anaubomoa msitu? Hapa ndipo mahali pa haki na dhuluma, na hapa tunawaomba tusikilizane kwa utulivu.

Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia tani milioni 1 hivi za mkaa kila mwaka, na kwamba karibu nusu yake ilikuwa ikiunguzwa katika majiko ya Dar es Salaam. Watafiti wengine walilinganisha hali ya misitu iliyouzunguka mji huo mwaka 1991 na ile ya mwaka 2005. Waliona kwamba uchomaji wa mkaa ulikuwa ukisogea kutoka mjini kama wimbi: mwaka 1991 ulikuwa umefika umbali wa kilomita 20 hivi, na mwaka 2005 ulikuwa umefika kilomita 50 hivi. Mji wa Kisarawe uko takriban kilomita 30 kutoka katikati ya Dar es Salaam, na mji wa Kibaha takriban kilomita 40. Maana yake ni kwamba katika miaka ile 14 wimbi hilo lilipita juu ya vichwa vyetu. Wazee walio hapa hawahitaji mtafiti awaambie. Wanakumbuka miti iliyokuwa kando ya njia ya kwenda shambani, na wanajua leo wanatembea umbali gani kutafuta kuni.

Ni rahisi kumlaumu mchoma mkaa. Yeye ndiye anayekutwa na shoka mkononi, baiskeli yake ndiyo inayokamatwa, na magunia yake ndiyo yanayotaifishwa. Lakini tumtazame vizuri. Mara nyingi ni kijana asiye na ardhi ya kutosha, au baba ambaye mvua imemnyima mahindi, au mama mjane anayetafuta ada ya shule. Anauza gunia kwa bei ndogo porini. Gunia lilo hilo likifika mjini huuzwa kwa bei kubwa zaidi, na sehemu kubwa ya tofauti huishia kwa wenye magari na wenye ghala. Mlaji wa mjini naye hupika maharage yake bila kuuliza mti ulikatwa wapi. Kwa hiyo faida ya msitu inakwenda mbali, na hasara yake inabaki kijijini: ukame wa visima, joto, udongo uliochoka, na uadui kati ya wanakijiji na walinzi wa hifadhi.

Hiyo ndiyo dhuluma yenyewe. Imegawanywa kwa watu wengi kiasi kwamba kila mmoja anaona sehemu yake ni ndogo mno asistahili lawama. Mwenye shoka anasema anatafuta chakula. Mwenye gari anasema amekata ushuru. Mpishi anasema gesi ni ghali. Konokono, ambaye hakuwa na sehemu yoyote katika biashara hiyo, ndiye anayelipa kwa uhai wa kizazi chake chote.

Je, konokono ni bora kuliko mtu?

Swali hili tunaulizwa kila mara, na ni swali la haki. Mtu mwenye njaa akiambiwa aache kukata mti kwa ajili ya konokono, ataona anatukanwa.

Jibu letu ni kwamba aliyeliweka jambo hilo kama shindano kati ya konokono na maskini amelipotosha. Mara chache sana maskini hula kwa sababu konokono amekufa. Mara nyingi hufa njaa wote wawili, mmoja mapema na mwingine baadaye. Msitu wa kijiji ukiisha, mchoma mkaa hatajirika. Hubaki na umaskini ule ule, bila msitu.

Taifa letu limewahi kukutana na swali hili waziwazi. Mwaka 1996, katika korongo la Kihansi kwenye mteremko wa Udzungwa, waligunduliwa vyura wadogo wa rangi ya dhahabu ambao makao yao yote duniani yalikuwa hekta 2 hivi za majani yanayolowa manyunyu ya maporomoko. Wakati huo bwawa la umeme lilikuwa likijengwa juu yao. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo mwaka 2000, manyunyu yalipungua na vyura wakaanza kutoweka. Watu wengi walicheka: umeme wa megawati 180 kwa taifa zima, na vyura wasiotosha kujaza debe! Lakini Serikali na wataalamu hawakukubali kwamba ni lazima kuchagua kimoja. Vyura 499 walipelekwa Marekani kulelewa, na mabomba ya kunyunyiza maji yakawekwa korongoni. Mwaka 2003 ugonjwa wa ukungu uliwapata waliobaki, wakaporomoka. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Kuanzia mwaka 2012 wale waliozaliwa ughaibuni walianza kurudishwa Kihansi. Umeme haukuzimwa, na kizazi cha chura hakikufutika. Gharama yake ilikuwa kubwa kuliko ambavyo ingekuwa kama kiumbe huyo angefikiriwa kabla ya ujenzi. Hilo ndilo funzo: kumfikiria mdogo mapema ni rahisi, kumfikiria akiwa amekwisha ni ghali.

Wengine hawakubahatika hivyo. Yule konokono wetu mkubwa wa pwani alipokuwa kero huko visiwani Pasifiki, watu walitafuta konokono wala nyama wa kumla. Hawaii kwanza walipelekewa konokono kutoka Kenya, kisha mwaka 1955 konokono mwingine mkali kutoka kusini mwa Marekani. Huyo wa pili alipelekwa pia kisiwa cha Moorea mwaka 1977. Yule mkubwa hakummaliza. Aliwageukia konokono wadogo wa msituni, wenyeji wa Moorea wa kundi liitwalo Partula, na kufika mwaka 1987 aina zote saba zilikuwa zimetoweka porini. Huko Hawaii, tarehe 1 Januari 2019, alikufa konokono wa mwisho wa aina yake, akiwa peke yake katika chumba cha kulelea; watunzaji wake walikuwa wamempa jina la George. Hakuna aliyekusudia hayo. Wasimamizi wa mashamba walitaka kuokoa mazao. Walisahau tu kuuliza ni nani mwingine anayeishi pale.

Kusahau kuuliza ni nani mwingine anayeishi pale: ndugu wapendwa, je, si ndivyo dhuluma nyingi zinavyoanza, hata dhidi ya wanadamu? Eneo hupimwa, ramani huchorwa, na baadaye ndipo hugundulika kwamba palikuwa na makaburi, palikuwa na kisima, palikuwa na wajane watatu wasio na hati. Anayejizoeza kumwona konokono hatashindwa kumwona mjane. Na asiyeweza kumwona mjane, hatutegemei atamwona konokono.

Yatupasayo kutenda

Hatukuja kuwapa huzuni mkaondoka nayo. Kila mmoja wetu ana nafasi yake.

La kwanza ni jikoni mwa taasisi zetu. Shule, seminari, zahanati na nyumba za malezi hula kuni na mkaa mwingi. Serikali ilikwisha kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache nishati hizo mwaka 2024, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka huo unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Hatuwezi kuwahubiria wachoma mkaa wa vijijini huku roli la kuni linashusha nyuma ya jengo la parokia. Kila halmashauri ya walei na iulize, katika kikao chake kijacho, jiko la taasisi iliyo karibu nayo linawaka kwa nini.

La pili ni mpaka. Migogoro mingi kati ya wanakijiji na hifadhi huzaliwa kwa sababu watu hawajui mpaka uko wapi, au wameuziwa viwanja na matapeli ndani ya hifadhi. Mwenye kununua kiwanja aulize kwanza serikali ya kijiji na Wakala wa Huduma za Misitu. Viongozi wa jumuiya wawasaidie wasiojua kusoma, ili kesho wasivunjiwe nyumba walizojenga kwa akiba ya maisha yao. Na pale ambapo watu wanaondolewa, waondolewe kwa utaratibu na utu, wakipewa taarifa na nafasi ya kusikilizwa. Kumlinda konokono kwa kumpiga mtu si haki.

La tatu ni msitu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga hifadhi yake, kuweka sheria ndogo, kutoza faini na kunufaika na mapato halali. Msitu wenye mwenyewe hulindwa. Vijiji vyetu vya Kisarawe na vya Kibaha vyenye mabaki ya vichaka vya asili visisubiri viishe ndipo vikumbuke sheria hiyo. Hata kichaka cha kaburini au cha tambiko, ambacho wazee waliacha kisikatwe, chaweza kuwa makao ya mwisho ya kiumbe ambacho hakijapewa jina.

La nne ni moto. Mashamba yakisafishwa kwa moto wakati wa kiangazi, moto huingia msituni na kula lile tabaka la majani. Miti mikubwa yaweza kupona, lakini walio chini hawaponi. Atakayelazimika kuchoma, achome mapema, asubuhi, akiwa na majirani na njia ya kuzuia moto.

La tano ni watoto wetu. Mafundisho ya watoto yasiishie darasani. Wapelekwe ukingoni mwa msitu baada ya mvua, wakiongozwa na anayeruhusiwa, waondoe jani moja lililooza na kutazama kilicho chini yake, kisha walirudishe. Mtoto aliyewahi kumwona konokono wa ukubwa wa punje ya mtama akitoa pembe zake hatakubali kirahisi kuambiwa kwamba pale hapana kitu.

Maneno ya mwisho

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba kutoweka kwa ndege na wanyama wakubwa hutushtua kwa kuwa huonekana, lakini dunia hutegemezwa pia na minyoo, kuvu, wadudu na viumbe vingi tusivyovihesabu. Haki, kama tulivyofundishwa, ni kumpa kila mmoja kilicho chake. Konokono wa msituni haombi kikubwa. Anaomba kivuli, unyevu, na majani makavu ambayo sisi wenyewe tunayaita takataka. Tukishindwa kumwachia hivyo, hatutakuwa tumeshindwa kwa sababu ya umaskini wetu.

Tunawaachia maswali machache ya kujadili katika jumuiya zenu.

Maswali ya kujadili

1. Je, katika kijiji au mtaa wetu kuna kipande cha msitu wa asili kilichobaki? Kinamilikiwa na nani, na nani anafaidika nacho?

2. Mkaa au kuni tunazotumia nyumbani na katika taasisi zetu hutoka wapi? Aliyezikata analipwa kiasi gani?

3. Ni familia zipi kati yetu zinazotegemea mkaa kwa kipato? Jumuiya yetu yaweza kuzisaidia kupata kazi gani nyingine?

4. Je, tunamjua mtu aliyeuziwa ardhi ndani ya hifadhi? Tumsaidieje kabla mgogoro haujafika mahakamani?

5. Kuna mpango gani wa ujenzi, barabara au machimbo katika eneo letu? Nani ameulizwa ni nani mwingine anayeishi pale?